Wafadhili wamechoka, au wamekataa kulipa?

Kuna msemo mmoja ambao umeenea sana siku hizi katika habari, katika ripoti za mashirika na hata katika mijadala yetu ya darasani: "uchovu wa wafadhili". Tumeutafsiri neno kwa neno kutoka Kifaransa, na sasa unajibu kila swali. Mgao wa chakula umepunguzwa kambini? Wafadhili wamechoka. Askari wa kulinda amani wanarudishwa makwao? Wafadhili wamechoka. Kituo cha afya kimekosa dawa? Wafadhili wamechoka.

Ninaandika makala haya kuupinga msemo huo. Sisemi kwamba fedha hazijapungua. Zimepungua sana, na watu wetu wanaumia. Ninasema kwamba msemo huu unatia katika gunia moja mambo matatu yaliyo tofauti: deni lisilolipwa, hiari iliyobadilishwa, na uchovu wa kweli wa watu ambao hatuwataji. Mambo hayo hayana sababu moja wala dawa moja, na wahusika wake si walewale. Sisi tunaosoma lugha tulipaswa kuwa wa kwanza kuyatenganisha.

Kitenzi kisicho na mtendaji

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kitenzi "kuchoka" kinaeleza hali inayompata mtu. Hakuna anayechagua kuchoka. Mtu aliyelima tangu alfajiri akichoka saa sita mchana, hatumlaumu. Tunampa maji na kumwambia akae kivulini. Kwa hiyo tukisema "wafadhili wamechoka", tumekwisha kuwapa haki kabla ya kesi kusikilizwa: wamebeba mzigo muda mrefu, miguu inatetemeka, waacheni wapumzike. Linganisha na "wamekataa", "wamechagua", "wanadaiwa". Kila kimoja cha vitenzi hivi kinaleta swali nyuma yake. Wamekataa kwa nini? Wamechagua nini badala yake? Wanadaiwa kiasi gani, na nani? Kitenzi "kuchoka" hakileti swali lolote.

Neno "mfadhili" nalo lina uzito wake. Linatokana na fadhili, yaani wema wa mtu ambaye hakulazimika kuutenda. Anayefadhiliwa hana haki ya kudai. Ana wajibu wa kushukuru, na asiposhukuru ataambiwa kwamba fadhila za punda ni mateke. Tukiyaunganisha maneno haya mawili, tunapata picha ya mtu mwema aliyeishiwa nguvu mbele ya watu wasioshiba. Kwa sehemu kubwa picha hiyo si ya kweli, na ushahidi wa kwanza unatoka katika historia ya nchi yetu wenyewe.

Deni lililoanzia Kongo

Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuja Kongo mara ya kwanza mwezi wa saba 1960, wiki chache baada ya uhuru. Operesheni hiyo iliitwa ONUC. Ilifikia askari karibu 20,000, ikapigana hapa Katanga wakati wa kujitenga, na katibu mkuu wa Umoja, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola mwezi wa tisa 1961, akiwa njiani kukutana na Moïse Tshombe. Hayo tunayajua. Jambo tusilolisikia sana ni hili: gharama zilibebwa na nani?

ONUC ilikuwa ghali kiasi cha kuutikisa Umoja wenyewe. Umoja wa Kisovieti na Ufaransa zilikataa kulipa sehemu zao. Hazikusema kwamba zimechoka. Zilileta hoja za kisheria, kwamba haziwezi kulazimishwa kugharamia operesheni ya namna ile. Baraza Kuu likaomba maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye. Tarehe 20 mwezi wa saba 1962, kwa kura 9 dhidi ya 5, Mahakama ilijibu: gharama za operesheni ya Kongo, pamoja na zile za kikosi kilichopelekwa Mashariki ya Kati baada ya vita vya Suez, ni gharama za Umoja kwa maana ya kifungu cha 17 cha Mkataba. Na kifungu hicho kinasema kwamba gharama za Umoja hubebwa na wanachama kwa mgawanyo unaowekwa na Baraza Kuu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo Baraza Kuu liliyakubali maoni hayo. Kwa maneno ya nyumbani: fedha za kulinda amani si sadaka. Ni deni.

Nchi iliyosimama imara kuwataka wadaiwa walipe ilikuwa Marekani. Ilitaka kitumike kifungu cha 19, kile kinachomnyima kura katika Baraza Kuu mwanachama ambaye malimbikizo ya deni lake yamefikia michango ya miaka miwili kamili. Mwaka 1964 mvutano ulikuwa mkali hata kikao cha Baraza Kuu kikaendeshwa bila upigaji kura wa kawaida. Mwishowe, mwezi wa nane 1965, Marekani ililegeza. Lakini balozi wake, Arthur Goldberg, alionya kwamba kama wengine wanaruhusiwa kujitoa katika malipo, nchi yake nayo inabaki na ruhusa ileile.

Ruhusa hiyo imetumika. Leo Marekani ndiyo iliyopangiwa sehemu kubwa kuliko wote katika bajeti ya kulinda amani, zaidi ya robo, na ndiyo yenye deni kubwa kuliko wote. Sheria yake ya ndani ya mwaka 1994 inaweka mpaka wa asilimia 25 hata inapopangiwa zaidi, na pengo hilo limekuwa moja ya vyanzo vya malimbikizo. China, inayofuata kwa ukubwa wa mchango, imekuwa ikilipa kwa kuchelewa. Mwezi wa kumi 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba utapunguza karibu robo ya askari na polisi wake katika misheni tisa, yaani watu kati ya 13,000 na 14,000, kwa sababu ya uhaba wa fedha. Vyombo vingi vya habari viliweka tangazo hilo chini ya kichwa cha uchovu, na neno "deni" likabaki katika aya za chini.

Tazama jinsi deni hilo linavyobebwa. Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Unaomba askari kwa nchi wanachama, kisha unazirudishia nchi hizo zaidi ya dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi, pamoja na malipo ya vifaa. Katika MONUSCO askari wengi wametoka India, Pakistan, Bangladesh, Nepal, Afrika Kusini, Tanzania. Wadaiwa wakubwa wasipolipa, Umoja huchelewesha marejesho kwa nchi hizo. Maana yake ni kwamba Nepal na Bangladesh zinamkopesha tajiri bila riba, huku vijana wao wakisimama kwenye matope ya Ituri. Hapo ni nani mwenye haki ya kusema amechoka?

Msomaji atasema: lakini MONUSCO haikuondoka Kivu Kusini kwa sababu ya fedha, serikali yetu ndiyo iliyotaka. Ni kweli, na lazima tuseme hivyo. Mwezi wa tisa 2023 Rais Tshisekedi aliomba mbele ya Baraza Kuu kwamba kuondoka huko kuharakishwe. Mwezi wa kumi na mbili Baraza la Usalama liliridhia kwa azimio 2717. Mwezi wa pili 2024 kituo cha Kamanyola kilikabidhiwa polisi yetu, na kufikia mwisho wa mwezi wa sita misheni ilikuwa imeondoka katika jimbo lote. Mwezi wa pili 2025 M23 waliingia Bukavu. Tunaweza kuuliza kama mpango ule ulikuwa mzuri, nani aliuomba, kwa tarehe gani, kwa masharti gani. Tunaweza kuuliza kwa sababu kuna aliyeamua. Uamuzi una mwenyewe. Uchovu hauna mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumwuliza.

Hiari iliyobadilishwa

Upande wa wakimbizi mambo ni tofauti, na hapa ndipo msemo wetu unapochanganya zaidi. PAM inaishi kwa michango ya hiari peke yake, na HCR karibu yote. Hakuna kifungu cha 17 kwa chakula cha mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa 1951 unakiri katika utangulizi wake kwamba kuwapokea wakimbizi kunaweza kuzielemea mno nchi fulani, na kwamba ushirikiano wa kimataifa unahitajika, lakini haumlazimishi yeyote kutoa hata dola moja. Mkataba wa OAU wa 1969 nao unairuhusu nchi iliyoelemewa kuwaomba msaada wenzake wa Afrika. Kuomba tu. Askari wa amani analetwa kwa deni. Unga wa mkimbizi unaletwa kwa hiari.

Kwa hiyo hapa hatuwezi kusema "wanadaiwa" kwa maana ileile. Lakini hata hiari inapokoma, kuna mtu aliyeikomesha. Tuangalie tarehe. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwezi wa tatu ilitangaza kwamba imefuta asilimia 83 ya programu za USAID, na tarehe 1 mwezi wa saba shirika hilo likaacha kutoa misaada. Uingereza, iliyokuwa imeshuka kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, ilitangaza mwezi wa pili 2025 kwamba itashuka tena hadi 0.3 kufikia 2027, ili iongeze matumizi ya ulinzi. Lengo la asilimia 0.7 lilipitishwa na Baraza Kuu mwaka 1970. Nchi zilizowahi kulifikia ni chache sana. Haya yote ni maamuzi yaliyotiwa sahihi, yenye tarehe na yenye majina.

Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilihesabu kwamba dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa mambo ya kijeshi mwaka 2024, ongezeko la asilimia 9.4 katika mwaka mmoja. Mtu anayeweka chini ndoo ya maji akanyanyua magunia mawili ya mahindi hajachoka. Amechagua mzigo mwingine. Anayo haki ya kuchagua. Fedha ni za raia wake, na hofu ya watu wa Ulaya juu ya Urusi si ya kubuni. Lakini na aseme kwamba amechagua, ili wapiga kura wake wajue walichokinunua na walichokiacha.

Matokeo yalikuja haraka. PAM, iliyopokea karibu dola bilioni 9.8 mwaka 2024, ilitarajia bilioni 6.4 tu kwa mwaka 2025, upungufu wa zaidi ya theluthi moja. Mwezi wa sita 2025 HCR ilitangaza kufuta nafasi za kazi karibu 3,500. Mwezi huohuo OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada, ilitoa orodha mpya ya mahitaji: kutoka ombi la dola bilioni 44 ilibaki na bilioni 29 za kushughulikia walio katika hatari zaidi. Wenye njaa hawakuwa wamepungua. Waliopungua ni wale watakaohesabiwa.

Kwetu pigo lilikuwa kubwa kuliko kwingi, kwa sababu mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini zilitoka Marekani. Nyumba ilikuwa imesimama juu ya nguzo moja, na nguzo hiyo ilitikiswa siku chache kabla ya M23 kuingia Goma. Wakongomani zaidi ya 60,000 walivuka kuingia Burundi katika miezi ya mwanzo ya 2025, wengi kupitia mto Rusizi, na PAM ikalazimika kuwakatia nusu ya mgao wakimbizi waliokuwapo tayari ili wageni nao wapate kitu. Uganda, mwezi wa tano mwaka huohuo, watu karibu milioni moja waliondolewa katika orodha ya chakula.

Kukata mgao si kama kupunguza kurasa za jarida. Mama aliyepewa nusu ya unga hana nusu ya watoto. Kwanza anapunguza milo, kutoka miwili hadi mmoja. Kisha anauza blanketi na sufuria alizogawiwa. Kisha mtoto mkubwa anaacha shule akatafute vibarua. Kisha binti anaozwa kabla ya wakati. Mwishowe wengine wanafunga mizigo na kurudi walikotoka, ingawa bunduki hazijanyamaza. Mtu wa ofisini akiandika kwamba mambo hayo yametokana na "uchovu", ameyafanya yaonekane kama mvua iliyochelewa.

Waliochoka kweli

Uchovu upo, tena mkubwa, ila haumo katika miji mikuu tunayoitaja. Asilimia 73 ya wakimbizi wa dunia wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Uganda peke yake imepokea karibu milioni mbili. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Leo kuna wazazi waliozaliwa mle na wanaozaa mle. Kongo yenyewe, pamoja na mamilioni ya raia wake waliohama makwao, imewapa hifadhi wakimbizi zaidi ya 500,000 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini.

Tena wengi wa raia wetu waliohama hawakai kambini. Wanakaa kwa watu. Familia yenye vyumba viwili inapokea watu wanane, inagawa sombe na ugali, inagawa maji, inagawa choo, mwezi wa kwanza, wa sita, wa kumi na mbili. Familia hiyo haiitwi mfadhili. Mchango wake hauingii katika jedwali lolote la fedha, na ikisema imechoka hakuna mkutano unaoitishwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiwa juu ya kichwa cha mwingine unauona mwepesi. Sisi tulioko Lubumbashi, mbali na Kivu, methali hiyo inatuhusu kama inavyowahusu watu wa Washington na London.

Kuna methali nyingine ambayo hutajwa kila mara wakimbizi wanapozungumziwa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kama amri ya kumfukuza mgeni. Isomeni tena. Haisemi kwamba siku ya tatu anyimwe chakula. Inasema apewe jembe, na jembe bila shamba ni mti na chuma tu. Uganda imewapa wakimbizi vipande vya ardhi na ruhusa ya kufanya kazi; shida yake ni kwamba vipande vinazidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Tanzania haiwaruhusu kutoka kambini bila kibali, na mwaka 2018 ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maisha ya wenyeji, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha. Mtu wa Nyarugusu, basi, alinyimwa jembe kwanza, na sasa anapunguziwa sahani. Anayetaka kuacha kumlisha na amruhusu alime. Kuvikataa vyote viwili kwa pamoja ni kumwambia arudi vitani.

Makosa ya misaada ni hoja, uchovu si hoja

Najua jibu ambalo wengine watanipa. Watasema misaada imetuharibu, misheni za amani zimetuangusha, na afadhali ziende. Jibu hilo lina nguvu, na silikwepi.

Mwaka 1994 unatosha kutoa mifano miwili inayopingana. Tarehe 21 mwezi wa nne, mauaji ya kimbari yakiwa yanaendelea Rwanda, Baraza la Usalama lilikata kikosi chake kule hadi watu 270. Baada ya yaliyotokea Somalia, nchi kubwa hazikuwa na hamu ya misheni nyingine. Miezi mitatu baadaye mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Goma katika siku chache, na sasa fedha na ndege zilipatikana upesi. Lakini ndani ya kambi wanajeshi na wanamgambo walewale waliotenda mauaji walishika madaraka na kujineemesha kwa misaada, hata mashirika mengine yakaondoka kwa kupinga hali hiyo. Matokeo yake tunaendelea kuyalipa mpaka leo. Na mwezi wa saba 2022, watu wa Goma, Butembo na Uvira walipoandamana dhidi ya MONUSCO, walikuwa na hoja: miaka zaidi ya 20 ya kofia za bluu, na vijiji bado vinachomwa. Watu zaidi ya 30 walikufa katika siku hizo, raia na askari wa Umoja.

Mtu anayesema "kambi zinatawaliwa na wenye silaha, ondoeni silaha kwanza" ametoa hoja. Mtu anayesema "misheni hii haiwalindi raia, ibadilisheni au iondoke kwa ratiba" ametoa hoja. Tunaweza kumjibu, kumpinga, kumkubali. Lakini yule aliyekata kikosi cha Rwanda hadi watu 270 hakuwa akirekebisha kosa, na aliyefuta programu za chakula kwa waraka wa siku moja hakuwa akirekebisha kosa pia. Kurekebisha kunahitaji muda, mtu wa kukabidhiwa kazi, na hesabu ya nani atakufa katikati. Msemo wa uchovu unampa nafasi anayekata ghafla kujifanya amekuwa pamoja na wale waliokuwa wakikosoa.

Unamsaidia mwingine pia, naye ni serikali yetu. Kongo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Nchi ya namna hiyo haiwezi kungoja miaka yote mahindi ya ng'ambo kwa ajili ya raia wake waliofukuzwa Masisi au Djugu. Lakini mradi habari inasema "wafadhili wamechoka", mwenye wajibu wa kwanza hatajwi. Njaa ya watu waliohama inakuwa shauri la watu wa Ulaya na Marekani, na mbunge wetu anaweza kusikitika pamoja nasi kana kwamba naye ni msikilizaji wa radio tu.

Kazi ya kitivo chetu

Kwa nini niyaandike haya katika jarida la kitivo cha lugha na si la sheria au uchumi? Kwa sababu msemo huu unapita mikononi mwetu. Wengi wa waliotutangulia hapa ni watafsiri wa mashirika, wakalimani kambini, waandishi, watangazaji. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, inatangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Kila ripoti ya misaada inayofika kijijini imepita kwanza kwa mtu aliyeketi na kuchagua neno la lugha yetu. Mtu huyo kesho anaweza kuwa mmoja wetu. Mkimbizi wa Nakivale hatasoma azimio la Baraza Kuu. Atasikia neno lile tulilochagua, na kwa neno hilo atajua kama amenyimwa haki au ameishiwa na bahati.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tunapotafsiri habari za kulinda amani, tuseme "deni" na "malimbikizo ya deni" pale ambapo Mkataba unasema hivyo, na tuache "msaada". Pili, tunapotafsiri habari za chakula na hifadhi ya wakimbizi, tumtaje mtendaji na tarehe: serikali fulani imekata kiasi fulani siku fulani. Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtendaji kwa kauli ya kutendwa, "mgao umepunguzwa", lakini hakitulazimishi. Tatu, neno "uchovu" tuliweke mahali pake: kwa wenyeji wa Kivu, wa Ituri, wa Kigoma na wa Cibitoke, ambao walipokea watu bila kuulizwa na hawajapata hata kusikilizwa. Wanafunzi wanaotafuta mada ya TFC wangeweza kukusanya matangazo ya Kiswahili ya mwaka mmoja na kuhesabu ni mara ngapi kila kitenzi kimetumika, na kwa nani. Ningependa kuisoma kazi hiyo.

Sidai kwamba neno sahihi litajaza ghala la PAM. Dawa ya deni ni kulipa, na hilo haliko katika uwezo wa kitivo. Lakini anayedaiwa hulipa pale anapoulizwa mbele ya watu, na hakuna anayemwuliza mtu ambaye kila mmoja anamwambia pole. Walimu na wenzangu wanaoona nimekosea, au wanaojua tafsiri iliyo bora kuliko hizi, nawaomba wajibu katika toleo lijalo.